Je, Wajua? Ubongo Huendelea Kuumia Baada ya Ajali

Kamere iko kusini mwa Ziwa Naivasha, kando ya barabara ya Moi South Lake, jirani na mashamba ya maua na visima vya mvuke vya Olkaria. Alfajiri boda boda hukimbiza wafanyakazi zamuni, wavuvi hurudi ufukweni, na magari ya watalii hupita yakielekea Hell's Gate. Mtu akianguka na kugonga kichwa, watu hutazama kwanza damu. Isipomwagika, wote hushusha pumzi. Leo tunatazama yale yanayoendelea ndani ya fuvu baada ya vumbi kutulia, kwa sababu anayeyajua anaweza kuokoa maisha ya jirani yake.

PIGO LA KWANZA NA LA PILI

1. Je, wajua kuwa katika ajali moja ubongo huumia mara mbili? Pigo la kwanza ni la kufumba na kufumbua: kichwa kinagonga lami, ubongo unasukwasukwa, mishipa inachanika. Pigo la pili huanza dakika chache baadaye na huweza kuendelea kwa siku kadhaa, hata majuma. La kwanza hakuna daktari awezaye kulitengua. La pili ndilo madaktari wanalopambana nalo.

2. Ubongo wa mtu mzima una uzito wa takriban kilo 1.4, yaani kama asilimia 2 ya mwili, lakini hutumia karibu asilimia 20 ya nguvu zote za mwili. Ukikosa damu yenye oksijeni kwa dakika chache, seli zake huanza kufa.

3. Ubongo wenyewe hauhisi maumivu. Kichwa kinapouma, maumivu hutoka kwenye ngozi, misuli, mishipa ya damu na utando unaoufunika ubongo. Kwa hiyo majeruhi anaposema "siumwi popote", hilo halithibitishi kwamba ubongo wake ni salama.

4. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2018 yanaonyesha kuwa watu wapatao milioni 69 duniani huumia ubongo kwa ajali au kipigo kila mwaka. Nchini Kenya, takwimu za Mamlaka ya Kitaifa ya Usalama Barabarani, NTSA, zimeonyesha vifo zaidi ya 4,000 kwa mwaka katika miaka ya karibuni, na wanaotembea kwa miguu pamoja na watumiaji wa pikipiki ndio wanaoangamia zaidi.

WALINZI WA NDANI NA KENGELE ZAO

5. Je, wajua kuwa ubongo una seli zake wenyewe za kinga? Zinaitwa maikroglia, na ni kama moja katika kila seli kumi za ubongo. Mhispania Pío del Río Hortega ndiye aliyezipambanua na kuzieleza mwaka 1919.

6. Kwa miongo mingi iliaminika kwamba maikroglia hukaa zimetulia tu mpaka dharura itokee. Mwaka 2005 watafiti walichungulia ubongo wa panya hai kwa darubini maalumu wakakuta sivyo: seli hizo zilikuwa zikinyoosha na kukunja vikono vyake muda wote, zikikagua kila kona. Mshipa mdogo ulipojeruhiwa kwa mwale wa leza, vikono vilielekea kwenye kidonda ndani ya dakika chache.

7. Ziliitwa na nani? Na seli zilizopasuka. Kemikali iitwayo ATP, ambayo kwa kawaida hubeba nguvu ndani ya seli, inapomwagika nje huwa ni kilio cha msaada. Maikroglia huinusa na kuifuata.

8. Protini ya HMGB1 nayo hukaa ndani ya kiini cha seli, ikishika DNA. Seli ikifa ghafla, protini hiyo hutoka nje na kugusa vipokezi vilivyo juu ya seli za kinga. Kimojawapo huitwa TLR4, ambacho pia hutambua sumu za bakteria. Ndiyo sababu ubongo uliogongwa huitikia kama ulioshambuliwa na vijidudu, hata kama hakuna kijidudu hata kimoja. Bruce Beutler, aliyefumbua kazi ya TLR4, alikuwa miongoni mwa washindi wa Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2011.

9. Ndani ya maikroglia, kengele hizo huunganisha mtambo mdogo wa protini uitwao inflamasomu. Timu ya Jürg Tschopp huko Uswisi iliueleza kwa mara ya kwanza mwaka 2002. Mtambo huu hukata molekuli zilizolala na kuzigeuza kuwa ishara kali ya interlukini-1 beta.

10. Ishara za aina hii kwa jumla huitwa saitokini. Tatu zinazotajwa sana baada ya jeraha la kichwa ni interlukini-1, interlukini-6 na TNF. Huanza kupanda ndani ya saa chache tu. Hulegeza mishipa ya damu, huamsha seli nyingine za kinga, na zikizidi huziua seli za neva ambazo ajali yenyewe iliziacha hai. Huu ndio mwako wa kinga, ambao wataalamu huuita inflamesheni.

11. Ishara hizohizo hufika kwenye sehemu ya ubongo inayopima joto la mwili. Majeruhi wa kichwa anaweza kupata homa bila malaria wala maambukizi yoyote, na homa hiyo huongezea mzigo ubongo uliokwisha kuumia. Wauguzi hawampimi joto mara kwa mara kwa mazoea tu.

KIZUIZI KIKIVUNJIKA

12. Mwaka 1885 Mjerumani Paul Ehrlich alidunga rangi kwenye damu ya wanyama. Karibu viungo vyote vilibadilika rangi isipokuwa ubongo. Baadaye ilieleweka kwamba mishipa ya ubongo ina kuta zilizobana mno, na ukuta huo sasa huitwa kizuizi kati ya damu na ubongo. Pigo la kichwa na saitokini hulegeza viungio vyake, na vitu visivyostahili kuingia hupenya.

13. Miongoni mwa wageni wa kwanza ni chembe nyeupe za damu ziitwazo nutrofili. Huanza kuwasili saa chache baada ya jeraha na kuwa nyingi zaidi katika siku ya kwanza hadi ya pili. Zimebeba kemikali za kuua bakteria, lakini hapa hakuna bakteria, na kemikali hizo huunguza tishu zilizo karibu. Siku zinazofuata huja chembe kubwa zaidi za kusafisha mabaki.

14. Ubongo huvimba kwa maji, na maji hayo yana milango yake. Mmarekani Peter Agre alishinda Nobel ya kemia mwaka 2003 kwa kugundua akwaporini, protini zinazopitisha maji kwenye ukuta wa seli. Mojawapo, akwaporini-4, imejaa kwenye seli za ubongo ziitwazo astrositi, palepale zinapoizunguka mishipa ya damu.

15. Je, wajua kwa nini uvimbe wa mguu hupona wenyewe, lakini wa ubongo huua? Fuvu halitanuki. Mskoti Alexander Monro alilieleza hilo mwaka 1783, na George Kellie akaliongezea ushahidi mwaka 1824: ubongo, damu na maji ya ubongo vinagawana nafasi ileile, na kimoja kikiongezeka lazima kingine kipungue. Wakazi wa Kamere wameona jinsi mabomba ya Olkaria yalivyowekewa valvu za kutoa mvuke shinikizo linapopanda. Fuvu halina valvu. Kwa mtu mzima shinikizo la kawaida ndani yake ni kati ya milimita 7 na 15 za zebaki. Likipita 22 madaktari huingilia kati.

BASI KWA NINI MWAKO USIZIMWE TU?

16. Swali zuri, na jibu lake lilipatikana kwa gharama ya maisha. Kwa miaka mingi hospitali duniani ziliwapa majeruhi wa kichwa steroidi, dawa zinazopoza kinga, kwa imani kwamba uvimbe ukipungua mtu atapona. Mwishowe dawa hiyo ilijaribiwa kwa watu 10,008 katika utafiti mkubwa wa kimataifa ulioitwa CRASH. Ulisimamishwa mwaka 2004 kabla ya kufika mwisho. Katika majuma mawili ya kwanza, waliopewa dawa walikufa asilimia 21.1, na waliopewa dawa bandia asilimia 17.9. Tiba iliyoaminiwa kuokoa ilikuwa inaua. Tangu hapo steroidi hazitolewi tena kwa kusudi hilo.

17. Sababu mojawapo ya kuwa waangalifu ni kwamba mwako wa kinga una kazi zake njema. Maikroglia zilezile hula mabaki ya seli zilizokufa na kutoa kemikali za kukuza chipukizi mpya za neva. Mwili pia hutengeneza interlukini-10, ishara ya kutuliza. Ukizima kila kitu, unazima na uponyaji.

18. Homoni ya projesteroni ilionyesha matumaini makubwa kwa wanyama wa maabara. Matokeo ya majaribio mawili makubwa kwa binadamu yalitolewa mwaka 2014. Yote mawili hayakuona faida.

19. Utafutaji haujakoma. Mwaka 2014 pia, watafiti wa Cambridge, Uingereza, walichapisha jaribio dogo la watu 20 lililopima anakinra, dawa ya baridi yabisi inayozuia interlukini-1. Walipima kemikali za ubongo moja kwa moja kupitia mirija myembamba, wakaona dawa inafika ubongoni na kubadilisha mazungumzo ya saitokini. Kupata dawa ya kuzima ishara moja, kwa wakati mmoja maalumu, ndiyo ndoto ya sasa.

20. Je, wajua kuwa mwako huu huweza kudumu miaka? Picha za ubongo zilizochapishwa mwaka 2011 zilionyesha maikroglia zingali zimeamka kwa watu walioumia hadi miaka 17 kabla ya kupimwa. Anayesema "tangu ajali ile mimi si yule wa zamani" asipuuzwe.

21. Jeraha la kichwa hudhoofisha pia kinga ya mwili mzima. Wakati ubongo unawaka, sehemu nyingine hushindwa kujilinda vyema, na hapo nimonia hupata nafasi. Kumgeuza mgonjwa, kumsafisha kinywa na kumkinga asipaliwe na chakula ni tiba kamili.

KWETU AFRIKA MASHARIKI

22. Muda mrefu kabla ya vyumba vya kisasa vya upasuaji, Abagusii walikuwa na mafundi wa kufungua fuvu. Fundi huyo, omobari, alimpasua ngozi ya kichwa mtu aliyekuwa na maumivu makali baada ya kugongwa, kisha akaukwangua mfupa taratibu bila kuutoboa utando wa ubongo. Daktari Edward Margetts, aliyewahi kufanya kazi Hospitali ya Mathari, Nairobi, aliandika juu ya ujuzi huo mwaka 1967.

23. Madaktari wa leo nao huondoa kipande cha fuvu shinikizo likikataa kushuka. Utafiti wa RESCUEicp, uliochapishwa mwaka 2016, ulionyesha kuwa upasuaji huo ulipunguza vifo katika miezi sita kutoka asilimia 48.9 hadi 26.9. Lakini miongoni mwa walionusurika, wengi zaidi walibaki na ulemavu mkubwa. Familia hustahili kuelezwa pande zote mbili kabla ya kutia sahihi.

24. Robert Wangila, Mkenya pekee aliyewahi kushinda dhahabu ya Olimpiki katika ndondi, alitwaa medali hiyo Seoul mwaka 1988. Julai 1994 alizimia baada ya pambano Las Vegas na kufariki kwa majeraha ya ubongo, akiwa na miaka 26. Nakuru ni mji wa mabondia. Kila kocha anayefundisha vijana huko ana wajibu wa kujua dalili za ubongo ulioumia na kumtoa kijana ulingoni bila kujali kelele za mashabiki.

25. Hospitali ya KCMC mjini Moshi, Tanzania, imekuwa ikiweka rejista ya majeruhi wa ubongo tangu mwaka 2013. Wengi ni wanaume vijana, na ajali za barabarani ndizo chanzo kikuu. Ni watu wa umri wa kulea na kutafuta riziki.

26. Uchambuzi wa data za CRASH ulionyesha kuwa kwa jeraha kali la kichwa, uwezekano wa kufa katika nchi za kipato cha chini na cha kati ulikuwa zaidi ya maradufu ukilinganisha na nchi tajiri. Seli za ubongo ni zilezile duniani kote. Kinachotofautiana ni barabara, ambulensi, vitanda vya uangalizi maalumu na umbali wa kumfikia daktari. Hilo ni jambo la kudai kwa viongozi.

SAA ZA KWANZA

27. Je, wajua kuwa kushuka kwa shinikizo la damu hata mara moja baada ya jeraha kali la kichwa huandamana na vifo maradufu? Matokeo hayo ya mwaka 1993 yalibadilisha huduma ya dharura. Ndiyo maana kuzuia damu isivuje mguuni ni sehemu ya kuokoa ubongo.

28. Dawa ya asidi traneksamiki husaidia damu iliyoganda isiyeyuke. Utafiti wa CRASH-3 wa mwaka 2019 uliwahusisha majeruhi 12,737. Dawa ilipunguza vifo vya jeraha la kichwa kwa wale walioumia kidogo au kwa wastani, ikitolewa ndani ya saa 3. Mtu anayesubiri hadi kesho yake hanufaiki.

29. Majeruhi anaweza kuamka, kuongea, hata kucheka, kisha akazimia saa chache baadaye damu inapojikusanya chini ya fuvu. Kuongea kwake pekee kusiwafanye wenzake watawanyike.

30. "Amelewa tu, mwacheni alale." Sentensi hii imezika watu. Ulevi na ubongo unaovuja damu hufanana: maneno hayaeleweki, miguu inayumba, usingizi mzito. Aliyelewa na akagonga kichwa apelekwe hospitali kama mwingine yeyote.

31. Wahudumu hupima fahamu kwa mizani ya Glasgow, iliyobuniwa na Graham Teasdale na Bryan Jennett mwaka 1974. Hutazama macho, maneno na mwendo wa viungo. Alama ya juu ni 15, ya chini ni 3, na 8 kushuka chini ni hali ya hatari sana. Kinachohitajika ni macho na masikio ya mhudumu makini, kwa hiyo hata zahanati ndogo inaweza kuitumia.

32. Dalili za kukimbilia hospitali mara moja: kutapika tena na tena, maumivu ya kichwa yanayozidi, degedege, mboni moja kuwa kubwa kuliko nyingine, udhaifu wa upande mmoja, kuchanganyikiwa, usingizi usioamshika, damu au maji meupe kutoka puani au masikioni. Piga 999 au 112. Ukimwinua, kichwa na shingo visipinde.

33. Aliyechunguzwa na kuruhusiwa kwenda nyumbani anaweza kulala, ila asiwe peke yake katika saa 24 za kwanza. Asinywe pombe. Dawa za maumivu aulize kwa daktari, kwa maana aspirini na zinazofanana nayo huweza kuongeza uvujaji wa damu.

34. Kwa wazee, hata kuteleza bafuni kunatosha. Damu yaweza kuvuja polepole kwa majuma, kisha babu au nyanya akaanza kusahau na kuyumba, watu wakadhani ni uzee. Ukikumbuka kwamba alianguka mwezi uliopita, mwambie daktari.

KINGA

35. Mwaka 1935 Mwingereza T. E. Lawrence alianguka na pikipiki na kufariki siku sita baadaye. Hugh Cairns, daktari wa upasuaji wa ubongo aliyeitwa kumhudumia, hakulisahau tukio hilo. Alichunguza vifo vya waendesha pikipiki wa jeshi na mwaka 1941 akachapisha ushahidi kwamba helmeti huokoa maisha.

36. Mapitio ya tafiti nyingi ya mwaka 2008 yalikadiria kuwa helmeti hupunguza hatari ya kufa kwa takriban asilimia 42 na ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Kinachokinga zaidi ni povu gumu la ndani, linalopondeka ili ubongo usipondeke. Helmeti iliyokwisha kuanguka kwa kishindo inafaa kubadilishwa, na isiyofungwa mkanda hutoka kichwani kabla ya kichwa kufika chini.

37. Sheria ya Trafiki ya Kenya humtaka mwendeshaji wa pikipiki avae helmeti na jaketi la kung'aa, ampatie abiria wake vilevile, na abebe abiria mmoja tu. Abiria, una haki ya kudai helmeti kabla ya kupanda.

38. Tangu mwaka 2021 Safari Rally imerudi katika mashindano ya dunia, na Naivasha ndiyo kitovu chake. Vijana wa Kamere huona madereva wenye ujuzi mkubwa kabisa, walio ndani ya magari yenye vyuma vya kukinga paa, wakivaa helmeti na mikanda ya shingo. Hao wamejifunga kwa unyenyekevu mbele ya fizikia. Mwendeshaji wa boda boda, asiye na paa wala ukuta, anaihitaji helmeti zaidi.

39. Na je, wajua kuwa kutoka hospitali si mwisho wa safari? Uchovu, hasira za ghafla, usahaulifu na huzuni ni dalili za kawaida baada ya mtikisiko wa ubongo, nazo huenda zina mizizi katika kemikali tulizozitaja. Mke asidhani mume amebadilika kwa makusudi. Msimamizi wa zamu asimwite mfanyakazi mvivu. Mwalimu asimchape mtoto aliyeanza kusahau baada ya kuanguka. Siku moja au mbili za kupumzika, kurejea kazini hatua kwa hatua, kutogongwa tena kabla ya kupona, na kurudi kliniki dalili zisipoisha: hayo yote yanawezekana Kamere, leo, bila kusubiri dawa mpya igunduliwe.